Ng'ombe wa Massawa, Miti ya Shinyanga

Mwaka 1887 jeshi la Italia, lililokuwa likijiimarisha katika pwani ya Eritrea, liliteremsha ng'ombe katika bandari ya Massawa. Walikuwa kitoweo cha askari, wameletwa kutoka ng'ambo ya bahari, na baadhi yao walikuwa na sotoka. Ugonjwa huu ulimwanza mnyama kwa homa na machozi. Kisha ufizi na ulimi vilichubuka, mate yalimtiririka, tumbo lilimharisha, na kabla ya wiki mbili kupita alikuwa amekufa. Asia na Ulaya ziliufahamu kwa karne nyingi. Ng'ombe wa Afrika kusini ya Sahara hawakuwa na kinga yoyote dhidi yake.

Ethiopia ilipoteza sehemu kubwa kabisa ya mifugo yake na ikaingia katika njaa inayokumbukwa hadi leo. Kufikia 1890 na 1891 sotoka ilikuwa imeingia Umaasaini, na mwaka 1892 Mwaustria Oscar Baumann, msafiri wa kwanza wa Ulaya kuliona bonde la Ngorongoro, alikuta huko Wamaasai wamebaki mifupa na ngozi, wakiomba chochote cha kutia kinywani. Kufikia 1896 ilikuwa imevuka Zambezi ikielekea Rasi ya Tumaini Jema. Nyati, pofu na nyumbu walianguka pamoja na ng'ombe. Hakuna jemadari aliyewahi kuipita Afrika kwa kasi ile.

Anayepita Ngokolo, mjini Shinyanga, leo, mtaa kwa mtaa, kati ya bodaboda, maduka ya mitumba na Kanisa Kuu la Jimbo Katoliki la Shinyanga, hana sababu ya kuwafikiria ng'ombe wa Waitalia. Lakini nchi inayouzunguka mji huu, uwanda mpana ambamo macho husafiri mbali bila kuzuiwa na mti, ina historia ambayo haieleweki bila wao.

Kabla ya sotoka, Wasukuma walikuwa wakiishi kwa ng'ombe na jembe, na kwa kuishi hivyo walikuwa wakiliweka pori mbali bila kulifanya hilo kuwa kazi maalumu. Mifugo ilikula nyasi na machipukizi, moto ulichomwa kwa majira yake, mashamba yaliungana na mashamba, na minyaa ilipandwa kuzunguka miji ya watu. Hapo mbung'o, nzi anayeeneza malale, hakupata pa kukaa. Huyu ni nzi wa ajabu kidogo: hatagi mayai. Jike hubeba buu mmoja tumboni, humlisha humo humo, na kila baada ya siku tisa au kumi humzaa mmoja tu, ambaye hujifukia katika udongo wenye kivuli na kukaa humo takribani mwezi mzima kabla ya kutoka akiwa nzi kamili. Kiumbe anayezaa polepole hivyo huutegemea mno mti unaomfunika. Ondoa kivuli, udongo ukapata joto, ukoo wake wote uko hatarini.

Sotoka ilipowamaliza ng'ombe, watu walikosa maziwa, mbolea na mahari. Ndui na ukame vikafuatia. Funza naye alikuwa njiani kutoka upande wa pili wa bara: aliteremka Ambriz, Angola, mwaka 1872 pamoja na meli iliyotoka Brazil, na ndani ya miaka ishirini na kitu alikuwa amefika pwani ya mashariki, akiwalemaza watu miguu wasiweze kwenda shamba. Wajerumani nao wakaja na bunduki na kodi. Familia zilizobaki zilisogea pamoja, na mashamba ya pembezoni yakarudi pori.

Hapa kuna jambo ambalo John Ford, mtafiti wa mbung'o aliyeandika kitabu kizima juu yake mwaka 1971, alilieleza vizuri kuliko wengine. Mwanzoni sotoka ilimpunguza mbung'o mwenyewe, kwa sababu iliua wanyama aliokuwa akiwanyonya damu. Mtu angeweza kudhani nchi imepona. Lakini wanyamapori waliongezeka upesi kuliko ng'ombe, na vichaka viliongezeka upesi kuliko watu. Nzi alipopata nafuu alikuta nyumba mpya imeshajengwa. Helge Kjekshus, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuja kuitumia hoja ya namna hii mwaka 1977 kupinga wazo kwamba Afrika ya Mashariki siku zote ilikuwa pori lililosubiri kustaarabishwa. Pori lile, alionyesha, kwa sehemu kubwa lilikuwa jipya.

Waingereza walipoichukua Tanganyika walilikuta pori hilo na wakadhani ndiyo hali ya nchi tangu zamani. Mwaka 1922 malale yalizuka Maswa, watu wakafa, na mbung'o akawa suala la serikali. Aliyekabidhiwa alikuwa Charles Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori, mtu aliyevifahamu vichaka kuliko ofisi. Kabla ya kuja Tanganyika alikuwa amechunguza mbung'o katika wilaya ya Mossurise, Msumbiji, na huko wazee walimweleza jinsi Umzila, mfalme wa Gaza, alivyowafukuza nzi miaka ya nyuma: aliwahamishia watu wengi kwa amri katika eneo moja, wakakata, wakalima, wakachoma, mbung'o akatoweka. Swynnerton aliandika hayo mwaka 1921. Kwa hiyo mbinu iliyokuja kujaribiwa Shinyanga, na kusifiwa London kama sayansi mpya, ilikuwa na chembechembe za siasa ya mfalme wa Kinguni aliyekwisha kufa zamani.

Kazi ilianza mwaka 1923. Mtemi Makwaia wa Usiha alikuwa upande wa Swynnerton, na bila watemi jambo lile lisingewezekana, kwa sababu nguvu iliyotegemewa ilikuwa mikono ya watu. Msimu wa kilimo ukishapita, wanaume waliitwa kwa maelfu, kila kundi na mkuu wake, wakapanga mstari mbele ya pori wakiwa na mashoka. Walikata migunga na vichaka mpaka ukanda mzima ukabaki visiki. Mahali pengine hawakukata. Walizuia nyasi zisichomwe mapema, zikakauka kabisa hadi karibu na mvua, ndipo wakawasha moto wote kwa siku moja, moto mkali uliounguza hata miti michanga. Ng'ombe waliingia nyuma yao.

Kituo cha utafiti kiliwekwa Old Shinyanga, na kwa miaka kadhaa kikawa miongoni mwa vituo vya mbung'o vilivyojulikana sana duniani. Vijana wa Kisukuma walitembea njia zilizopimwa, asubuhi baada ya asubuhi, wakiwakamata nzi kwa nyavu ndogo. C.H.N. Jackson aliwatia nzi hao alama za rangi mgongoni, doa hapa kwa wiki hii, doa pale kwa wiki ile, akawaachia, kisha akahesabu wangapi walikamatwa tena. Kutokana na madoa hayo alikokotoa idadi ya nzi wote porini, na wataalamu wa takwimu wanaohesabu samaki na ndege hadi leo wanalitaja jina lake. Mwenzake, F.L. Vanderplank, aligundua miaka ya 1940 kwamba ukichanganya aina mbili za mbung'o, uzao wao huwa tasa au karibu na utasa. Wazo la kummaliza nzi kwa kumharibia uzazi wake lilizunguka dunia kwa njia nyingi kabla ya kutua Unguja, ambako miaka ya 1990 mbung'o madume waliozalishwa Tanga na kutiwa mionzi wawe tasa walimwagwa kwa ndege wiki baada ya wiki. Mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa huru.

Swynnerton hakuyaona hayo. Alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, pamoja na mtaalamu wake wa mimea, Bernard Burtt. Aina ya mbung'o wa nyika za Shinyanga na Serengeti bado huitwa kwa jina lake, heshima ambayo sijui kama mtu angeiomba.

Kwa kipimo alichojiwekea, alishinda. Malale yalipungua, ng'ombe wakarudi, watu wakaenea tena katika nchi waliyokuwa wameikimbia wazazi wao. Tatizo la ushindi huo ni kwamba haukuwa na mahali pa kusimamia. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na kupitia stesheni ya Shinyanga pamba ikaanza kuondoka kwa wingi. Bei ya pamba hiyo ilipangwa mbali. Vita ya Korea ilipoanza mwaka 1950, viwanda vya nchi za kaskazini vilinunua kwa pupa, bei ikaruka duniani, na mkulima ambaye hajawahi kuisikia Korea akapanua shamba. Fedha ya pamba ilibadilishwa kuwa ng'ombe, kwa kuwa ndiyo benki iliyoaminika. Ng'ombe wakahitaji malisho, shamba likala malisho, na mti uliobaki ukaonekana kuwa kizuizi cha vyote viwili. Mwaka 1947 serikali ilianzisha mradi mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, wenye sheria za kupunguza mifugo, kulima kwa matuta na kuwahamishia watu magharibi, Geita, ambako pori la mbung'o lilifyekwa kuwapisha. Sheria hizo zilichukiwa. Hasira hiyo ilikuwa kuni kavu kwa chama cha TANU na kwa vyama vya ushirika vya Paul Bomani, na Geita yenyewe iliwaka kwa maandamano mwaka 1958.

Huko Geita walikokwenda wahamiaji, kamba nyingine ilikuwa ikivutwa kutoka mbali zaidi. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuiona dhahabu yake mwaka 1898, lakini hawakupata mengi. Januari 1934 serikali ya Rais Roosevelt wa Marekani ilipandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi 35 kwa aunsi, na miamba ambayo jana haikulipa gharama ya kuivunja leo ikalipa. Katikati ya muongo huo mgodi wa Geita ulifunguliwa na ukawa mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Kisha bei hiyo hiyo ya dola 35 ikakaa pale pale kwa zaidi ya miaka thelathini huku gharama zikipanda, na mwaka 1966 mgodi ukafungwa. Marekani ilipoiachia bei miaka ya 1970, dhahabu ilianza tena kuita. Wachimbaji wadogo walijaa, maduara yakachimbwa, na kila duara lilihitaji matimba ya kuzuia kuta zisimwangukie mtu. Matimba ni miti. Mgodi wa kisasa ulifunguliwa mwaka 2000. Bei ikipanda London, mahali fulani kati ya Geita na Kahama mtu ananoa shoka.

Lakini nimekwenda mbele ya habari. Turudi kwenye sotoka, maana wakati Shinyanga inavuliwa miti, upande wa pili wa Maswa mambo yalikwenda kinyume kabisa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari wa mifugo Walter Plowright, katika maabara ya Muguga karibu na Nairobi, alitengeneza chanjo ya sotoka iliyokuwa salama na rahisi. Ng'ombe wanaoizunguka Serengeti walichanjwa. Hakuna aliyemchanja nyumbu hata mmoja, ila nyumbu alikuwa akiambukizwa na ng'ombe, na ng'ombe alipopona, ugonjwa ukakauka porini pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa takribani 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walipita milioni 1.3. Midomo hiyo yote ilifyeka nyasi. Nyasi zilipopungua, moto wa kiangazi ulikosa chakula, na moto ulipopungua, miche ya migunga iliyokuwa ikiunguzwa kila mwaka ikapata nafasi ya kuwa miti. Anthony Sinclair na wenzake waliufuatilia mnyororo huo kwa miaka mingi. Twiga walinufaika. Sindano iliyochomwa shingoni mwa ng'ombe wa mfugaji iliotesha msitu katika hifadhi ambayo ng'ombe huyo haruhusiwi kuikanyaga.

Moto uleule, basi. Swynnerton aliutumia kuua miti ili amwue nzi, na nyumbu waliuzima wakairudisha miti. Tofauti ni kwamba Shinyanga palikuwa na watu, na watu waliendelea kuagizwa.

Katika miaka ya 1973 hadi 1976 Operesheni Vijiji ilizihamisha kaya zilizotawanyika na kuzikusanya kando ya barabara. Pamoja na nyumba, ziliachwa ngitili. Ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa masika, nyasi na miti vikaachwa vikue, kisha yakafunguliwa kiangazi kikikaza, kwa ndama, kwa ng'ombe dhaifu na kwa maksai wanaosubiri kulima. Kila ngitili ilikuwa na mwenyewe na mipaka iliyojulikana. Mwenyewe alipohamishwa, ikawa ya kila mtu, na mwaka mmoja au miwili ilitosha kuimaliza.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 sehemu za mkoa zilikuwa zimeanza kuitwa jangwa. Mwanamke aliyekuwa akitafuta kuni alitembea nusu siku, na aliyechoka kutembea alipikia mabua, mashina ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Moshi wake ni mzito, mweupe, unauma. Mpishi huinama juu yake asubuhi na jioni, ndani ya nyumba yenye dirisha dogo au isiyo na dirisha, kwa miaka thelathini au arobaini, na akifika uzeeni macho yake yamekuwa mekundu. Katika Usukuma wa miaka hiyo, na hata baadaye, macho mekundu ya bibi kizee yalichukuliwa na baadhi ya watu kuwa ushahidi wa uchawi. Vikongwe waliuawa kwa mapanga. Sababu za mauaji yale ni nyingi, urithi wa ardhi na waganga wapiga ramli wakiwamo, na sitaki kuyafanya yaonekane kama hesabu rahisi. Ila moshi umo ndani ya hesabu, na ukiufuata moshi kurudi nyuma unafika kwenye kuni zilizokosekana, kwenye miti iliyokatwa kwa amri, kwenye nzi, kwenye ng'ombe waliokufa. Mtoto alipougua, hakuna aliyetazama Massawa. Walitazama nyumba ya pili.

Na dawa ya kukosekana kwa miti nayo ilitoka pasipotarajiwa. Vita ya Kagera dhidi ya Uganda ya Idi Amin, ya 1978 na 1979, ilipokwisha, silaha nyingi zilizagaa mikononi mwa watu, na wizi wa ng'ombe wa kutumia bunduki ukachachamaa magharibi yote. Polisi walikuwa wachache na mbali. Mwaka 1981 na 1982, upande wa Kahama na Shinyanga, wanavijiji walijiunda wenyewe: sungusungu, wenye pinde na mishale, filimbi, viongozi na adhabu zao. Walitisha wezi, na wakati mwingine waliwatisha wasio na hatia pia. Mwalimu Nyerere alipozuru mkoa mwaka 1984 akasikitishwa na hali ya nchi, na mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, jeshi hilo la vijiji lilikuwa tayari limesimama. HASHI kwanza ilikuja na vitalu vya miche, mijohoro, mikaratusi na milusina, kama mradi wowote wa serikali. Mafanikio makubwa yalikuja pale ilipowauliza wazee na kugundua kwamba visiki vya zamani bado vilikuwa hai chini ya ardhi. Havikuhitaji kupandwa. Vilihitaji kuachwa. Dagashida, mkutano wa jadi, ulitunga sheria, sungusungu wakazilinda, na aliyeingiza ng'ombe katika ngitili iliyofungwa alilipa. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa takribani hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000.

Nani angepanga hivyo? Hakuna wizara ambayo ingeweza kuandika kwamba ili miti irudi Shinyanga kwanza Idi Amin aivamie Kagera.

Ila wapo ambao hawakuisubiri miti. Tangu miaka ya 1970 familia za wafugaji zilikuwa zikiswaga mifugo kwenda kusini, kidogo kidogo, Tabora, Rukwa, na hasa bonde la Usangu mkoani Mbeya, kwenye ardhi oevu ya Ihefu inayoulisha mto Ruaha Mkuu. Mwaka 1993 mto huo ulikauka kiangazi kwa mara ya kwanza kukumbukwa ndani ya hifadhi ya Ruaha, na uliendelea kukauka kila mwaka. Maji yake huenda bwawa la Mtera, na Mtera hutoa umeme. Taa zilipokatwa Dar es Salaam kwa mgao mkali wa 2006, mkosaji alikuwa amekwisha kupatikana: Msukuma na ng'ombe wake. Watafiti waliokaa Usangu kwa miaka walisema mengine. Mashamba ya mpunga, yale makubwa ya serikali na madogo yaliyojitokeza pembeni yake, yalikuwa yakichepusha maji mengi kiangazi kuliko ng'ombe wanavyoweza kunywa, na namna mabwawa yalivyoendeshwa ilikuwa na lawama yake. Lakini mfereji hauna kabila na haupigi kelele usiku. Ng'ombe anaonekana barabarani.

Mwaka huo wa 2006 serikali iliamuru mifugo iondolewe Ihefu. Wafugaji walipigwa faini, wengine ng'ombe wao walikufa njiani, na misafara ikaelekezwa mikoa ya Pwani na Lindi, ambako ilisemwa kuna ardhi ya kutosha. Mwaka 2008 Ihefu iliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wajukuu wa watu walioitwa na mtemi Makwaia kwenda na mashoka waliwateremsha ng'ombe wao katika nchi ya miombo, kati ya wakulima wa korosho na ufuta ambao hawakuwahi kuishi na ng'ombe. Miombo ile ilikuwa na mbung'o. Wakaanza kununua dawa za kuogesha, na kufyeka.